Popo wa Zamu ya Mchana

Kuna nyumba ambazo mtoto akianza kusema hutaja mama, kisha maji. Katika nyumba ya Popo, sentensi ya kwanza ya kila mtoto ilikuwa "Baba amelala," nayo ilisemwa kwa kunong'ona, kidole kikiwa mdomoni. Kitinda, yule wa mwisho, alijua kunong'ona kabla hajajua kusema. Mgeni aliyebisha hodi mchana alifunguliwa mlango na katoto kenye kimo cha kigoda, akaambiwa maneno hayo mawili, na kabla hajajua anafanya nini alikuwa anarudi alikotoka kwa ncha za vidole, mtu mzima na akili zake.

Popo lilikuwa jina la kazini. Alikuwa mchomaji katika kiwanda cha mikate, zamu ya usiku, tangu enzi ambazo nywele zake zilikuwa nyeusi zote. Wenzake wa tanuri walimwita hivyo kwa sababu popo huruka watu wakilala na kuning'inia watu wakiamka, ingawa wao wenyewe walikuwa popo vilevile na hakuna aliyejitazama. Hakuchukia. Mwenye jina la utani ni mwenye watu, na kule ndani, katikati ya joto na vumbi la unga, Popo alikuwa na watu. Waligombea pembe ya mkate wa kwanza kutoka motoni, wakataniana, wakapiga domo mpaka jogoo akaona haya.

Nyumbani aliishi mlangoni. Jua likitua alitoka, na asubuhi watoto wakitoka kwenda shule yeye aliingia. Malezi yote aliyafanyia pale kizingitini: huyu anampapasa kichwa, yule anamnyoosha kola, "Umepiga mswaki wewe?" "Nimepiga, baba," basi, mpaka kesho. Watoto wawili wakubwa walikua hivyo hivyo, wakaoa na kuolewa, wakahamia mbali. Ungemuuliza Popo sauti zao zikoje, angekujibu kwamba ni za chini.

Msije mkadhani sheria ya kunong'ona ilitungwa kwa ukali. Mwanzoni, mtoto wa kwanza akiwa mchanga mwenye mapafu ya tarumbeta, Popo alikwenda kazini siku kadhaa bila kuonja usingizi. Akasinzia amesimama, akaangukia mlango wa tanuri, mkono ukaungua kuanzia kiganjani hadi kiwiko. Mkewe alipoona kilichokuwa chini ya bendeji alilia. Kisha akaacha kulia, akaweka sheria. Tangu siku hiyo mchana wa nyumba ile ulikuwa wa minong'ono. Mama mwenyewe alikuwa mshonaji. Cherehani yake ikahamia barazani kwa dada yake, nyumba ya tatu kutoka pale. Redio ikafungwa mdomo. Sufuria zilitua jikoni kama mayai. Huo ulikuwa upendo, tena upendo wa kutoa jasho, na anayeudharau ajaribu kulea watoto watatu bila kupaza sauti.

Ila jioni! Popo akishapinda kona na kopo lake la chakula, nyumba ilivuta pumzi. Mapazia yakafunguka, cherehani ikarudi, redio ikaimba. Dada mtu akaingia na maneno yake, jirani mwenye saluni akaingia na umbea wa wateja wake, watoto wakarukaruka, na vicheko vikaenda mpaka saa ya kulala. Hayo Popo hakuyajua. Angeyajuaje? Alikuwa anachoma mikate.

Basi siku moja kiwanda kikaleta tanuri jipya, tanuri linaloujua moto wake lenyewe, na meneja akawakusanya watu wa usiku akawaambia ana habari njema. Mfanyakazi mwenye akili akisikia meneja ana habari njema huanza kutafuta mlango uko wapi. Zamu ya usiku imefutwa. Wengi walishukuriwa kwa utumishi wao, na kushukuriwa huko, wanaokujua wanakujua. Hamira, mwandani wake Popo, aliyepewa jina hilo kwa sababu hadithi yoyote ikipita kinywani mwake iliumuka, alirudi kwao na saa ya ukutani ya zawadi, kana kwamba sasa ndipo atakapohitaji kujua saa. Popo alibakizwa. Akapelekwa mchana.

Kila mtu alimpa hongera. "Sasa utaishi kama binadamu," walimwambia. Na yeye mwenyewe alifurahi, tusimsingizie. Miaka yote alikuwa na picha moja kichwani, aliyoitazama mikono ikiwa kazini: jioni, taa imewashwa, yeye amekaa sebuleni, mkewe anashona, Kitinda anasimulia mambo ya shule, na yeye anacheka. Hicho tu ndicho alichokitaka duniani. Hakuomba gari.

Jioni ya kwanza alirudi, akanawa, akakaa kwenye kiti. Mkewe akamwekea chakula mezani polepole, kijiko kisigonge sahani. Kitinda, msichana wa darasa la saba sasa, alikuwa anaandika kazi ya shule, na hata penseli yake ilitembea kwa adabu.

"Mbona mnanong'ona?" aliuliza Popo.

"Hatunong'oni," akanong'ona Kitinda.

"Ongeeni tu. Mimi niko macho."

"Sawa, baba," kwa sauti ileile.

Walijaribu. Mungu awalipe, walijaribu. Mkewe alisema kwa nguvu, "Leo joto lilikuwa kali!" mithili ya mtu anayetangaza msiba sokoni, akashtuka, akajiziba mdomo. Hakuna aliyecheka. Wahenga walisema mazoea yana taabu, na ya kwao yalikuwa yamekomaa. Sauti ya Popo ikisikika ndani, ndimi zao zilijikunja zenyewe. Halafu kukawa na huruma, ambayo ilikuwa mbaya zaidi. "Umechoka, baba watoto. Pumzika." Mke akachukua vitambaa vyake akaenda kushonea kwa dada. Mtoto akachukua madaftari akaingia chumbani, akaufunga mlango kwa mikono miwili usije ukalia. Popo akabaki kwenye kiti, taa imewashwa. Ile picha yake ilikuwa imetimia yote, walikosekana watu tu.

Kazini nako hakukuwa na pa kushika. Walimweka mbele ya mkanda unaopitisha mikate, aondoe iliyopinda. Mikate yenyewe haikupinda sana siku hizi. Kushoto kwake kijana, kulia kwake kijana, wote na waya za muziki masikioni. Asubuhi walimwamkia vizuri, "Shikamoo, mzee," kisha wakarudi kwenye waya zao. Adhuhuri kengele ikilia watu wakala, na yeye akatazama chakula chake tu, maana tumbo lake bado lilikuwa zamu ya usiku. Hakuna hata mmoja pale aliyemwita Popo. Alikuwa mzee tu, na wazee ni wengi.

Alimpigia simu Hamira.

"Hujambo, Popo?"

"Sijambo. Wewe je?"

"Mzima. Nyumbani?"

"Wote wazima. Huko kwenu?"

"Huku shwari. Kazi?"

"Kazi nzuri. Shamba?"

"Shamba zuri."

Wakasalimiana mpaka salamu zikaisha. Kisha kila mmoja akasikia mwenzake anavyopumua. Hamira, mtu aliyeweza kusimulia habari ya panya aliyemwona ghalani mpaka mikate ikaungua, hakuwa na la kusema. "Haya basi," alisema. "Haya," alisema Popo, na simu ikakatika. Salamu zetu ni nzuri sana, lakini zina kosa moja: zinauliza kila kitu na kukubali jibu moja. Popo alitaka kusema, nina upweke, ndugu yangu, upweke unaniuma kama jino. Lakini wanaume wa rika lake hawakufundishwa sentensi hiyo. Walifundishwa kujibu "sijambo" hata nguo ikiwa imeshika moto mgongoni.

Siku moja mkanda ukakatika, wakaruhusiwa mapema. Popo alipokaribia kwake alisikia kicheko kinatoka dirishani. Alisimama. Kilikuwa cha mkewe. Alikijua kwa sababu hakikuwa cha mtu mwingine yeyote, lakini alikuwa hajawahi kukisikia: kilianza chini kabisa, kikapanda, kikateleza, kikaishia kwenye kikelele kidogo cha msichana. Popo akacheka naye peke yake barabarani. Akaongeza mwendo, moyo umemjaa. Alipofika mlangoni akakohoa, kama anavyokohoa mtu mstaarabu asiyetaka kuwashtua watu wake. Kikohozi hicho ndicho kilichomponza.

Kicheko kilikatika. Redio ikakatika. Zikasikika nyayo, viti, ubao wa mlango wa nyuma. Alipofungua, sebule ilikuwa tupu. Mezani vilikuwapo vikombe vya chai, vingine vimejaa, vyote bado vinafuka. Ndala moja ya shemeji yake ilikuwa imeanguka kifudifudi njia ya jikoni.

Walikuwa wamekimbia ili apumzike. Mimi na wewe tunajua. Yeye aliviona vikombe vile akavielewa kwa namna yake: nikija, watu wanakimbia. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husemwa, lakini yeye alikuwa amekuja na wenyeji wakatoroka. Akaketi. Akachukua kikombe kimoja, hajui cha nani, akakinywa. Kilikuwa na sukari nyingi.

Mkewe akaingia kwa mlango wa nyuma, anahema. "Umerudi mapema," alinong'ona. "Pole. Wameshaondoka. Pumzika."

Popo alitaka kusema, waite warudi. Alitaka kusema, cheka tena hivyo ulivyocheka.

"Asante," alisema.

Tangu siku hiyo akaamua kuwaachia jioni yao. Aliiona kama zawadi: kama furaha ya nyumba inakuja yeye akiwa hayupo, basi asiwepo. Akamwambia mkewe kazi imeongezeka. Akawa anazurura. Alizunguka madukani mpaka wenye maduka wakaanza kumtilia shaka. Alisimama pembeni ya uwanja wa mpira, lakini wachezaji walimwomba awe refa, naye hajui sheria.

Mwisho alipapata pa kukaa, na ni mahali ambapo si kila mtu angepafikiria. Kiwanda kilikuwa kimempeleka hospitali kupimwa macho. Alipoketi kwenye ukumbi wa kungojea daktari alihisi kitu kinalegea kifuani. Mabenchi marefu, watu bega kwa bega. Watoto wanalia na hakuna anayewanyamazisha. Mwanamke asiyemjua alimpa mfuko wake, "Nishikie, baba, narudi sasa hivi," akaenda zake kwa amani. Mzee mmoja alimsimulia habari za kiuno chake tangu kilipoanza. Macho yakapimwa, yakaonekana mazuri, na kesho yake baada ya kazi Popo akarudi palepale. Na keshokutwa. Hospitalini hakuna anayekuuliza umefuata nini. Sura yako yenyewe inatosha.

Muuguzi ndiye aliyemgundua, yule wa jioni, mwanamke mwenye miguu iliyovimba na macho yasiyokosa kitu.

"Baba, namba yako ngapi?"

"Sina namba."

"Unaumwa nini?"

Popo akafikiri kweli. "Siumwi. Nimekuja kukaa."

Muuguzi akamtazama. Akaketi ukingoni mwa benchi, labda kwa sababu ya miguu yake. "Kwako hakuna kiti?"

"Kipo."

"Basi shida si kiti." Akasugua kifundo cha mguu. "Wanakuja wengi wa namna yako, ila wao wanasema kichwa, wanasema mgongo. Tunawapa vidonge wanaondoka. Wewe angalau hujanidanganya. Unalala?"

"Usingizi umenikataa."

"Unakula?"

"Kidogo."

"Umemwambia mtu yeyote?"

Popo akatazama viatu vyake.

"Dirisha la dawa hilo pale," alisema muuguzi, "lakini dawa ya jambo lako haipo humo. Mwenye nayo yuko kwako. Mwambie hivi hivi ulivyoniambia mimi."

"Nitamwambia," aliahidi Popo. Na kesho yake alikuwa kwenye benchi lilelile, maana kuahidi ni rahisi, kumbe kumwambia mtu uliyezaa naye watoto watatu kwamba humjui ni kazi.

Shemeji yake ndiye aliyelilipua jambo. Alikuja hospitali na kikohozi, akamwona Popo ameinamisha kichwa kati ya wagonjwa. Mwanamke yule, ambaye hajawahi kuona kitu akanyamaza, siku hiyo alinyamaza. Akageuka na kikohozi chake, akaenda moja kwa moja kwa mdogo wake. Wakakaa wakapiga hesabu. Anachelewa kurudi. Anasingizia kazi. Hali chakula vizuri, hapati usingizi, amepungua. Na jioni ameonekana hospitali. Hesabu ilikuwa sahihi, jibu ndilo lililokosewa.

Mkewe aliingia ukumbini na gauni la nyumbani, uzi mwekundu unaning'inia begani, mguu mmoja kiatu chake na mwingine kiatu cha dada yake. Akatazama benchi moja, la pili, la tatu. Akamwona.

"Ni nini?" alisema. Na hakunong'ona. Sauti ilimtoka kifuani ikagonga kuta. "Niambie sasa hivi. Ni kansa?"

Ukumbi mzima uligeuka.

"Keti, mama watoto."

"Siketi! Ni figo? Ni ini? Mimi nimekulinda miaka yote na redio, na watoto, na kuku wa jirani, leo unanificha ugonjwa? Wagonjwa wote hawa wanajua kwamba unakufa, nisiyejua ni mimi?"

"Sifi. Sina ugonjwa."

"Basi hospitali umefuata nini?"

Popo alitafuta uongo wa haraka. Hakuupata.

"Kelele," alisema.

"Nini?"

"Nimefuata kelele. Hapa watu wanaongea."

"Hilo ni kweli, mama," alidakia mzee wa kiuno. "Hapa tunaongea sana."

Mkewe akaketi. Popo akaanza kusema, na alipoanza hakujua kusimama. Akamwambia habari ya vikombe. Akamwambia habari ya kicheko cha dirishani, kwamba alisimama barabarani kama mwizi akikisikiliza. "Nikija mnakimbia," alisema. "Nimekuwa mgeni asiyepikiwa."

"Tunakimbia? Tunakupisha upumzike!"

"Nimepumzika mpaka nimechoka. Sina kazi nyingine pale ndani ila kupumzika. Kazini hawajui jina langu, nyumbani hamtaki kuniamsha. Na mimi niko macho. Mama watoto, nina upweke."

Ikatoka hivyo, sentensi ile ngumu, kati ya mtoto anayelia na mtu anayeitwa dirisha la pili.

Mkewe aliuvuta ule uzi mwekundu begani, akauzungusha kidoleni. Alipoongea, sauti ilikuwa imeshuka, lakini haikuwa mnong'ono.

"Unadhani mimi napenda kelele? Dada yangu akifungua mdomo kichwa kinaniuma tangu utotoni. Niliwaita jioni kwa sababu jioni hufuatwa na usiku, na usiku wewe hukuwepo. Nilitaka wanichoshe, nikianguka kitandani nisipate nafasi ya kufikiri. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, baba watoto. Kile mimi nimekilalia, peke yangu, miaka yote hiyo. Nilikuwa nahamia upande wako. Godoro lina bonde la mwili wako, nikijikunja mlemle."

Popo akakumbuka. Asubuhi zote zile alipojitupa kitandani, upande wake ulikuwa na joto, naye akadhani ni jua la dirishani, na mapazia yamefungwa.

"Mbona hukuniambia?"

"Saa ngapi? Ulikuwa kazini, au ulikuwa umelala."

Hakuwa anamlaumu, na ndiyo maana iliuma.

"Mimi nilizoea," alisema mkewe. "Na wewe utazoea."

"Sitaki kuzoea," alisema Popo.

Mkewe alimtazama, uso wake wote, kwa kirefu, kama mtu aliyeletewa kitambaa asichokijua anakitafuta mbele na nyuma. Mfagizi akafika na dekio lake, akasema, "Inueni miguu, jamani," nao wakainua, viatu viwili visivyolingana, pamoja na viwili vya kiwandani, wakakaa hivyo hivyo mpaka maji yakapita.

"Twende nyumbani," alisema mkewe.

"Kuna watu?"

"Wamejaa. Nilimwambia dada asimwambie mtu, kwa hiyo amewaambia wote."

Walitembea bila haraka. Walipofika karibu walisikia kilio. Hakikuwa kilio cha mtu mmoja; shemeji alikuwa anaongoza na wengine wanaitikia, naye katika kulia kwake alikuwa anamtaja Popo kwa sifa ambazo hakuwahi kumpa akiwa mzima. Popo akashika mkono wa mkewe, akasimama penye giza la ukuta.

"Ngoja kidogo."

"Ningoje nini?"

"Nasikiliza."

"Watu wanakulilia, na wewe unafaidi! Ingia huko!"

Aliingia bila kukohoa. Shemeji alipomwona alipiga ukelele, akamrukia, kisha akaanza kumpiga kwa kitambaa cha kichwani. "Hufi?" "Sifi, shemeji." "Hata kidogo?" "Nitakufa, ila si leo." "Laana! Tumemaliza leso zote za nyumba!" Mwenye saluni alikuwa amekuja na machozi pamoja na mteja wake, ambaye nusu ya kichwa ilikuwa imesukwa na nusu bado, na mteja yule ndiye aliyelia kuliko wote ingawa hakumjua Popo hata kwa sura. Wakamgombeza, wakamcheka, wakamuuliza maswali matano kwa pamoja. Mtu akawasha redio, mwingine akasema ni vibaya kuwasha redio msibani, wa tatu akamjibu msiba uko wapi. Kila mtu akabaki alipo. Hakuna aliyekimbia.

Popo alikuwa anacheka, machozi yanamtoka, alipomwona Kitinda.

Alikuwa amejibana kati ya kabati na ukuta, magoti kifuani. Uso ulikuwa umelowa mpaka kidevuni, na mabega yalikuwa yanamtetemeka kwa nguvu. Sauti haikuwepo hata kidogo. Ungekuwa chumba cha pili usingejua kama humu mna mtu anayelia. Popo akajiuliza ni mara ngapi mtoto huyu amelia hivi mchana, hatua chache kutoka kitanda cha baba yake, akiwa na homa, au amepigwa shuleni, au ana huzuni tu kama watu wengine, na yeye anakoroma. Kicheko kikamwisha.

Akapita katikati ya watu, akajishusha sakafuni kando yake.

"Mwanangu. Sifi."

Kitinda akatikisa kichwa kwamba amesikia. Machozi yaliendelea.

"Basi lia kwa sauti. Lia tu, mama, hakuna ubaya."

Kitinda akafungua mdomo. Ikatoka pumzi. Akamtazama baba yake, ameshangaa mwenyewe, akameza mate, akafungua mdomo tena. Popo alikaa palepale sakafuni akangoja.